Unajua kila neno, mstari haueleweki: mwongozo wa kufumbua nahau za Kiingereza kwenye nyimbo

Ugumu wa nyimbo za Kiingereza hauko kwenye maneno magumu. Neno gumu unalitafuta kwenye kamusi, unalipata, mambo yanaisha. Kinachotesa ni mstari wenye maneno ya darasa la tano ambao ukiutafsiri neno kwa neno unabaki na meli, jani na mkono wa shati, wakati wimbo mzima ni wa mapenzi. Hiyo ndiyo nahau. Tabia yake unaijua tayari, kwa sababu Kiswahili kimejaa vitu hivyohivyo. Mgeni aliyekuja kusoma UDOM, chuo kikuu chetu hapa Dodoma, akiambiwa "yule kapata jiko" ataenda kuchungulia jikoni, kumbe jamaa kaoa. Akiambiwa "kavaa miwani" atatafuta miwani usoni, kumbe mtu kalewa.

Tutatumia ubeti mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Umetungwa kwa ajili ya zoezi hili tu, usiutafute mtandaoni:

You left me high and dry with the rent still due,
While I wore my heart on my sleeve for you.
Now you're back at my door saying you've turned a new leaf,
But that ship has sailed, babe, and I ain't got no grief.

Unahitaji daftari, kalamu, simu na hedifoni. Wimbo mmoja utenge dakika 40 hadi saa nzima, na usichukue nahau zaidi ya tatu au nne kwa siku, zikizidi hapo hazikai kichwani. Hatua ya kusikiliza ifanye mahali palipotulia. Ndani ya daladala yenye redio yake, au pale Nyerere Square jioni watu wamejaa, utasikia nusu na kubuni nusu. Hatua za kusoma na kuandika unaweza kuzifanya popote.

Hatua ya 1: Hakikisha umesikia kilichoimbwa

Kazi nyingi huharibika hapa, kabla hata nahau haijaguswa. Masikio yakikosa neno, akili hujaza pengo kwa neno inalolijua, na baada ya kulisikia hivyo mara tatu huwezi tena kulisikia vingine. Waingereza na Wamarekani wenyewe yanawakuta, hadi wakayapa jina: mwaka 1954 mwandishi wa Marekani Sylvia Wright aliyaita "mondegreen", kwa sababu utotoni alisikia hivyo maneno ya utenzi aliokuwa akisomewa na mama yake. Usione aibu.

Sikiliza mara mbili bila maandishi, ukiandika unachodhani umesikia. Kisha tafuta maneno ya wimbo na uyalinganishe na uliyoandika. Kwenye YouTube, fungua mipangilio ya video na upunguze kasi hadi 0.75. Ukishuka hadi 0.5 sauti inavutika mno na konsonanti zinapotea, kwa hiyo hapo hupati faida. Kama bando ni la kuhesabu, sikiliza video mara chache, halafu kazi iliyobaki ifanyie kwenye ukurasa wa maandishi. Video ya dakika nne hula MB nyingi kuliko ukurasa wa maneno matupu.

Tahadhari moja. Tovuti nyingi za maneno ya nyimbo zinajazwa na mashabiki, nao husikia vibaya kama wewe. Ukiona mstari una neno la ajabu, fungua tovuti ya pili. Zikitofautiana, rudi kwenye sauti. Zikifanana herufi kwa herufi, pamoja na makosa ya tahajia, ujue moja imenakili nyingine, na hapo bado una shahidi mmoja.

Hatua ya 2: Nyoosha maneno yaliyokunjwa

Waimbaji wanakata maneno. "Gonna" ni "going to", "wanna" ni "want to", "gotta" ni "have got to", "lemme" ni "let me", "'cause" ni "because". Yaandike kwa urefu kwenye daftari, maana kamusi na programu za tafsiri zinakosea zaidi zikipewa umbo fupi.

"Ain't" inahitaji dakika zake. Neno hili moja linabeba "am not", "is not", "are not", "has not" na "have not". Ni sentensi inayokuambia ni ipi. Na likifuatwa na "no", usifanye hesabu za darasani kwamba hasi mara hasi ni chanya. Katika Kiingereza cha Wamarekani weusi, na cha mitaa mingi ya Uingereza na Marekani, ukanushi hurudiwa ili kukaza. Kwa hiyo "I ain't got no grief" maana yake ni "sina huzuni hata chembe". Anayefuata sarufi ya kwenye kitabu anaigeuza kuwa "nina huzuni", na kuanzia hapo wimbo mzima anausoma kichwa chini miguu juu.

Hatua ya 3: Tenga mafungu matatu

Pigia mstari kila usichokielewa, kisha ukiweke kwenye fungu lake.

Fungu la kwanza ni maneno usiyoyajua kabisa. Hayo ni ya kamusi, yamalize haraka.

Fungu la pili ni vitenzi vyenye mkia: kitenzi kifupi kikifuatwa na "up", "down", "over", "for", "out" na wenzake. Mkia hubadilisha maana yote. "Give" ni kutoa, "give up" ni kukata tamaa. "Let" ni kuruhusu, "let down" ni kumwangusha mtu, kwa maana ileile ya "umeniangusha". "Get over" ni kupona machungu ya mtu au jambo. "Fall for" ina sura mbili, kumpenda mtu au kuingia mtegoni, na watunzi hupenda kuzitumia zote mbili kwa mpigo. "Make up" na "make out" uzichunge zaidi: ya kwanza inaweza kuwa kupatana baada ya ugomvi, ya pili kubusiana au kung'amua kitu kwa shida. Mkia unaweza kukaa mbali na kitenzi chake, hata baada ya maneno manne, kwa hiyo soma hadi mwisho wa mstari kabla hujahukumu.

Fungu la tatu ndilo letu: kila neno unalijua, lakini maana haipo. Dalili yake kubwa ni kitu kilichoingia bila kualikwa. Kwenye ubeti wetu hakuna bahari, bandari wala safari, ghafla inatokea meli. Hakuna mti, linatokea jani. Hakuna anayeshona, unatokea mkono wa shati. Kitu cha aina hiyo, hasa kikitanguliwa na "a", "the" au "that" bila kutajwa kabla, karibu kila mara ni nahau.

Lakini usiwe na wivu wa nahau ukaziona hadi pasipo na kitu. "The rent still due" haifichi lolote. Ni kodi ya nyumba haijalipwa. Mistari iliyo wazi kama hii ina thamani kubwa kwako, kwa sababu ndiyo itakayopima kama ulivyoifumbua ile iliyofungwa ni sawa.

Hatua ya 4: Bashiri kwa Kiswahili kabla ya kutafuta

Hatua hii watu huiruka, na kwa maoni yetu ndiyo inayotofautisha anayejifunza na anayenakili. Jibu maswali matatu kwa maandishi: Nani anasema na nani? Kumetokea nini kati yao? Mstari huu ni wa furaha au wa machungu? Swali la tatu lijibu kwa alama tu, kujumlisha au kutoa.

Kwenye ubeti wetu mtu anamsemesha mpenzi wake wa zamani. Tunajua ni mpenzi kwa sababu ya "babe", ambayo hapa haina uhusiano na mtoto mchanga. Mmoja aliondoka wakati kodi inadaiwa. Sasa amerudi, yuko mlangoni. Kwa hiyo "left me high and dry" lazima iwe alama ya kutoa: aliniacha katika hali mbaya. "Turned a new leaf" inasemwa na anayebisha hodi akitaka kupokelewa, basi ni kitu kizuri anachojisifia. "That ship has sailed" inaanza na "but", kwa hiyo inapinga ombi. Hujafungua kamusi bado, na tayari unajua anaomba kurudi na anakataliwa.

Hatua ya 5: Rudisha nahau kwenye umbo lake la kamusi

Ukiandika mstari mzima kwenye kitafutio, utaletewa wimbo wenyewe na video zake. Unachotaka ni umbo la msingi. Kitenzi kirudishe kwenye hali isiyo na wakati: "wore" inakuwa "wear". Badala ya "my" na "her" weka "one's" au "your", ndivyo kamusi zinavyoandika. Ondoa "babe", "oh" na "yeah". Kisha funga maneno yaliyobaki kwa alama za kunukuu na uongeze neno "idiom" nje ya alama hizo.

Isipopatikana, huenda mtunzi ameikata ili vina na mizani vikae. Ndivyo ilivyo kwenye mstari wa tatu: nahau kamili ni "turn over a new leaf", na "over" imeliwa na mdundo. Ondoa alama za kunukuu, bakiza maneno mawili yenye uzito, hapa "new" na "leaf", na itatokea. Maana yake ni kuacha tabia mbaya na kuanza upya. "Leaf" hapa wala si jani la mti, ni karatasi ya kitabu: mtu anafunua ukurasa mpya.

Kwenye kamusi ya karatasi tafuta kwanza kwa jina lililo zito, kisha kwa kitenzi. Kamusi nyingi za wanafunzi wa Kiingereza huweka nahau mwishoni mwa maelezo ya neno, chini ya alama IDM, na vitenzi vyenye mkia chini ya PHR V. Wengi husoma maana mbili za juu, wanafunga kitabu, na wanasema nahau haimo.

Mtandaoni, Wiktionary ni mwanzo mzuri kwa sababu huonyesha maana za nahau na mara nyingi asili yake. Urban Dictionary, iliyoanzishwa mwaka 1999, inafaa kwa lugha ya mtaani, ila yeyote anaweza kuandika humo na wengi huandika mzaha. Angalia tarehe ya maelezo, ilinganishe na mwaka wa wimbo, na usiamini maana iliyotajwa na mtu mmoja tu. Programu za tafsiri bado huteleza kwenye nahau. Zikikupa meli imeondoka, ndiyo basi tena. Za akili bandia zinajua zaidi, lakini huweza kubuni asili ya nahau kwa sauti ya uhakika, kwa hiyo maana ichukue na hadithi ya chimbuko uihakiki kwingine.

Hatua ya 6: Uliza picha imetoka wapi

Ukijua uwanja ambako nahau ilizaliwa, huisahau. Viwanja vinavyojirudia ni vichache.

Bahari ni mojawapo, na ubeti wetu una mbili. "High and dry" ni chombo kilichoachwa juu ya mchanga maji yakapwa. Kiswahili kina neno la jambo hilohilo, kupwelewa, na hata sisi tunalitumia kwa mtu aliyekwama. Tuko mbali na pwani, lugha yetu haiko mbali. "That ship has sailed" ni chombo kimeshatweka: nafasi imepita. "On the rocks" kwa ndoa ni chombo kilichopanda mwamba, yaani uhusiano uko hatarini. Kwa kinywaji ni barafu kwenye glasi. Mwimbaji akiwa baa anaweza kukusudia zote mbili.

Besiboli inatutesa kwa sababu hatuichezi. Mpigaji akipata "strike" tatu anatoka, ndiyo maana "strike out" ni kushindwa. "Curveball" ni mpira unaopinda ghafla, kwa hiyo ni jambo usilolitarajia. "Rain check" ilikuwa kikaratasi cha kurudi siku nyingine mechi ikivurugwa na mvua. Leo ni kuahirisha mwaliko kwa adabu. Masumbwi ni rahisi kwetu: "throw in the towel" ni kusalimu amri, "below the belt" ni kupiga pasiporuhusiwa. Karata nazo zipo, kama "poker face", uso usiosomeka kitu.

Biblia ina njia ya mkato nzuri sana: tafuta aya yenyewe kwa Kiswahili. "By the skin of my teeth", kuponea chupuchupu, iko Ayubu 19:20. "A drop in the bucket", kitu kidogo mno, ni Isaya 40:15. "The writing on the wall", dalili ya anguko linalokuja, ni mkono ulioandika ukutani kwenye Danieli 5. "Salt of the earth" ni Mathayo 5:13, mtu mwema asiye na makuu.

Kisha hali ya hewa, na hapa msomaji wa Dodoma ana mtego wake mwenyewe. Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Machi au Aprili, na kwa kawaida hazizidi milimita 600 kwa mwaka. Wingu likitanda Chamwino au Bahi, watu wanafurahi, mtama utaota. Kiingereza kimekulia kwenye nchi za mawingu na manyunyu, na humo mvua huwa ni kero. "Rain on my parade" ni kunitia doa furaha yangu. "A rainy day" kwenye "save for a rainy day" ni siku ya shida; mtu wa hapa akiambiwa aweke akiba kwa ajili ya siku ya mvua atadhani ni akiba ya mbegu. "Under the weather" ni kujisikia mgonjwa. Mvua ikinyesha kwenye wimbo wa Kiingereza, anza kwa kudhani kuna huzuni, kisha usubiri mistari mingine ikukatalie.

Baridi nayo imepinduka. Kwetu kitu kinachopoza kinapendeza: maneno ya kupoza roho, na hata "burudani" na "kuburudika" vina mzizi mmoja na "baridi". Kwao joto ndilo upendo. "Cold-hearted" ni mtu asiye na huruma, "cold shoulder" ni kumpuuza mtu, "left out in the cold" ni kutengwa, "cold feet" ni kuingiwa na woga dakika za mwisho. "Cool" pekee ndiyo imevuka kuja upande wetu.

Hatua ya 7: Tafuta nahau ya Kiswahili, na ogopa pacha wa uongo

Maana ikishapatikana, iandike kwa sentensi ya kawaida, kisha ndipo utafute nahau yetu. Wakati mwingine zinakaa vizuri kama kofia na kichwa. "Spill the beans", kutoa siri, ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi. "Throw shade" ni kupiga kijembe. "Kick to the curb" ni kumpiga mtu chini. "Heart in my mouth" ni roho mkononi.

Hatari iko kwenye zinazofanana sura. "Beat around the bush" inafanana mno na kuzunguka mbuyu, na mibuyu tunayo, lakini ya kwao ni kuongea kwa kuzungukazunguka bila kugusa hoja, na yetu ni kutoa rushwa. "Heavy-handed" ni kutumia nguvu kupita kiasi, wakati mwenye mkono mzito kwetu ni mchoyo. "The long arm of the law" ni sheria inayomfikia mhalifu popote, na mkono mrefu wa Kiswahili ndiyo mhalifu mwenyewe.

Pacha mbaya kuliko wote ni "break my heart". Kila mtu anaandika "kunivunja moyo". Lakini kumvunja mtu moyo kwa Kiswahili kilichozoeleka ni kumkatisha tamaa: mwalimu anaweza kumvunja mwanafunzi moyo bila mapenzi yoyote. Kinachoimbwa ni kuumizwa na mpenzi. Siku hizi Bongo Fleva imeanza kuivuta nahau yetu kuelekea maana ya Kiingereza, na lugha huenda hivyo, ila ukiwa unatafsiri andika "umeniumiza" au "umeutonesha moyo wangu", kutegemea kama lilikuwa jeraha la kwanza.

Kwa "wear my heart on my sleeve" hatujaona nahau yetu inayotosha. Maana yake ni kuonyesha hisia waziwazi bila kujikinga. Usilazimishe, iseme tu kwa maneno ya kawaida.

Hatua ya 8: Irudishe mahali pake

Weka maana mpya kwenye mstari, kisha soma ubeti wote pamoja na kiitikio. Ikigongana na mstari ulio wazi, umekosea mahali. Tuseme ulichukua "high and dry" kuwa sifa nzuri kwa sababu ya neno "high": kodi inayodaiwa itakukatalia papo hapo. Angalia pia kama maana inabadilika wimbo ukielekea mwisho. Watunzi wazuri huimba nahau kwenye kiitikio cha kwanza kwa maana ya kawaida, halafu ubeti wa mwisho unaifanya kuwa kitu halisi, meli ya kweli, mvua ya kweli. Ukiona hivyo andika maana zote mbili.

Daftarini weka safu nne: nahau kamili, maana kwa sentensi moja, alama ya kujumlisha au kutoa, na Kiswahili chake. Isiyofumbuka iwekee alama ya kuuliza uendelee na wimbo mwingine; nahau hujirudia, na pengine wimbo wa tano ndio utakaoifungua.

Ubeti wetu ukipita hatua zote unatoka hivi:

Uliniacha nimepwelewa, kodi ya nyumba inadaiwa,
Na mimi nilikupenda waziwazi, sikuficha.
Leo umerudi mlangoni, unasema umebadilika,
Umechelewa, mpenzi, na wala sina majonzi.